Paneli za Povu za Kujengea: Ipi Uchukue, Ipi Uache

Paneli hizi ni povu la kuzuia joto lililobanwa katikati ya bodi mbili, na hujengea kuta na mapaa. Muuzaji atakutajia unene tu. Wewe muulize povu ni la aina gani, bodi mbili zilizolibana ni za nini, na maungio yanazibwa kwa kitu gani. Nyumba itakula umeme au haitakula kutokana na majibu hayo.

Namba moja kwangu ni povu la polistirini ya kijivu, iliyochanganywa na grafiti, katikati ya bodi za OSB (vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi) za milimita 11 hivi. Hupitisha joto kama 0.031 W/mK (kipimo cha upitishaji joto; namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri), wakati nyeupe ya kawaida iko kwenye 0.036 hadi 0.038. Nyeupe naiweka ya pili. Ukiwa na nafasi ya kuongeza unene, wala haina ubaya.

Poliurethani ni ya tatu, ingawa kwa takwimu za kiwandani inazishinda zote: 0.022 hadi 0.028. Tatizo ni kwamba gesi iliyomo ndani ya vitundu vyake huvuja polepole, miaka ikienda uwezo unashuka. Dai takwimu za povu lililokwisha kuzeeka. Ichukue pale ambapo ukuta lazima uwe mwembamba.

Ya mwisho ni paneli ambayo bodi zake, badala ya OSB, ni za magnesia (saruji ya magnesiamu) yenye kloraidi. Denmaki waliifunga bodi hiyo kwenye kuta za nje za majengo mengi. Ikanyonya unyevu wa hewani, ikaanza kutoa jasho la chumvi lililokula skrubu. Ukiitaka magnesia, basi iwe ya salfeti.

Kabla ya kulipa, omba kipande cha sampuli, uchomeke patasi kati ya bodi na povu, ubandue. Povu likichanika na mabaki yake kubaki yameng'ang'ania bodi, gundi ni nzima. Bodi ikitoka safi, ondoka.

Sasa maungio, ambayo wengi huyachukulia kama kazi ya fundi tu. Kule Juneau, Alaska, mapaa ya paneli yalioza kwa sababu hewa ya joto yenye unyevu ilipenya kutoka ndani kupitia maungio ya kileleni, ikapoa na kugeuka maji ndani ya OSB. Kwa hiyo hakikisha bei inajumuisha povu la kuzibia na mkanda wa upande wa ndani kwa kila ungio. Nyumba iliyozibwa hivyo haipumui yenyewe, kwa hiyo tenga na fedha za mashine ya kubadilisha hewa.

Njia za nyaya zitobolewe kiwandani. Fundi umeme akichimba mifereji kwenye bodi baadaye, anakata kitu kinachobeba nyumba.