TAHADHARI: huyu anayeuza "rangi ya kutu" ya kadi, mwenzenu nimepigwa elfu 38

Jamani mnaotengeneza kadi za mkono, kuna dada (au kaka, maana sauti sijawahi kuisikia, ukipiga hapokei anajibu kwa meseji tu) ana peji Instagram anauza seti ya rangi ya kutu, chupa mbili, elfu 38 pamoja na nauli ya mzigo kwa basi kutoka Arusha. Msinunue. Mwenzenu nimeliwa na oda ya watu ilibaki kidogo iharibike.

Nilipata kazi ya kadi 40 za mwaliko, mzee anatimiza miaka 70, ujana wake wote kachomelea mageti pale mtaa wa Gerezani, Dar, sasa watoto wakataka kadi ionekane kama kipande cha bati kilicholiwa na kutu, jina la mzee katikati kama limekatwa na gesi. Wazo nikalipenda hadi nikakubali bei ya kizembe. Kutu ya kuigiza naiweza siku zote, ila safari hii nikasema ngoja nitumie ile yenyewe ya chupa mbili. Kwa asiyeijua, chupa ya kwanza ni rangi yenye unga wa chuma kabisa ndani yake, ukipaka inakaa kijivu au nyeusi nyeusi, ya pili ni dawa ya kuiamsha, unapulizia juu, kile chuma kinashika kutu hapohapo kwenye karatasi. Ni kutu ya kweli ile, haichorwi. Na haina papara, utapulizia, utasubiri masaa, utapulizia tena, wengine wanaiacha usiku kucha ndo wanaamkia rangi ya chungwa yenyewe.

Sasa yeye kaandika "dakika 3 tu tayari", na mimi na akili zangu nikapita hapo kama sijaona. Halafu ile video yake, nimekuja kuirudia nikiwa nimeshalia, nyuma ya mikono ya anayepaka kuna dirisha na nje theluji inadondoka. Arusha ipi hiyo jamani, au anaishi kileleni Kibo?

Namba ya kulipia ikaja na jina jingine kabisa la mwanaume, kuuliza naambiwa ni namba ya mjomba, ya ofisi ina shida. Nikamwomba nilipe nusu, nusu mzigo ukifika, akasema zimebaki seti mbili na kuna mtu anazitaka. Nikatuma yote. Aliahidi siku 2, zikawa 6.

Kufungua boksi, lebo imeprintiwa kwenye karatasi ya kawaida ikabandikwa kwa seloteepu. Chupa ya kwanza rangi yake ni kahawia tayari, yaani kutu imeshaiva kabla haijaamshwa! Ya pili ukifungua tu siki inakupiga puani, siki ya kachumbari na maji. Na hapa najilaumu, muda ulikuwa umenibana sikujaribu kwenye kipande, nikapaka kadi 12 moja kwa moja. Karatasi ikavimba, kingo zikajikunja kama chapati iliyosahauliwa, na ile kahawia haikukauka hata kesho yake, ukigusa inabaki kidoleni, kidoleni inaenda kwenye bahasha. Nikang'oa sumaku ya spika ya redio mbovu nikaipitisha juu ya kadi, hola, hakuna kinachovutwa. Nikabandua lebo kwa hasira, chini yake kuna lebo ya dawa ya kikohozi ya watoto.

Kumwandikia, eti "mteja wangu hujui kuitumia, ongeza elfu 10 nikutumie dawa kali". Nilipomtumia picha ya hiyo lebo ya kikohozi, tiki za bluu, kisha bloku.

Kwa hiyo ukikutana na yeyote anayeuza hizi rangi mwambie apake kikaratasi kidogo, kikauke, kabla hajapulizia chochote akisogezee sumaku huku mko kwenye video kolu, live. Kama kuna chuma kitavutika. Akianza kukupa hadithi za mtandao unasumbua, achana naye.

Kadi za watu nilizimaliza kwa njia ya kimaskini na zikatoka vizuri tu, nikakaa macho usiku mbili. Manila nzito, unapaka nyeusi iliyochanganywa na kahawia, ikiwa bado mbichi unanyunyizia mdalasini wa kusaga upate ile chenga chenga, ikikauka unakung'uta unaozidi, halafu unagongagonga rangi ya chungwa na njano ya haradali kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, usipake, gonga, na sponji iwe kavu kavu. Acha sehemu nyeusi zionekane, kutu hailingani kila mahali. Binti wa mzee alivyoshika ya kwanza akainusa akaniuliza mbona inanukia chai.

Ile namba nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Jana kupitia simu ya mdogo wangu nikaingia kwenye peji yake, kabadilisha jina, sasa anauza karatasi za dhahabu za kubandika kwenye kadi, ila ile video ya theluji hajaifuta, iko palepale juu kabisa.