Magongo ya kwapani ya alumini: bomba halina neno, angalia mpira na vipimo

Mtu akitoka wodini mguu una plasta au umewekewa chuma, gongo analoletewa mara nyingi ni lilelile: la kwapani, bomba la alumini, sponji juu na kwenye kishikio, vitufe vya kurefushia chini. Yamejaa kwenye maduka ya vifaa tiba jirani na Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na katika miji mingine yenye hospitali kubwa, mengi bila jina la kiwanda lenye maana. Kwa aliyevunjika mguu, atakayeyatumia wiki 6 hadi 12, yanafaa. Jozi ina uzito wa kama kilo 2, na yakinyeshewa hayavimbi kama ya mbao. Tatizo ni kwamba mengi yanauzwa bila mnunuzi kupimwa, na gongo lisilopimwa lina madhara yake.

Namba za futi na inchi zilizochapwa kwenye bomba ni urefu wa mtumiaji, si wa gongo. Zichukue kama pa kuanzia tu. Saizi ya kati kwa kawaida ni ya mtu wa sentimita 157 hadi 178. Kisha mgonjwa asimame wima akiwa na kiatu atakachotembelea, ncha za magongo ziwe sentimita 15 mbele ya vidole na 15 pembeni. Kati ya sponji ya juu na kwapa vipite vidole viwili au vitatu. Kishikio kikae usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono unaponing'inia, ili mkono ukishika, kiwiko kikunjike nyuzi 20 hadi 30. Unamnunulia aliye bado kitandani? Toa sentimita 40 kwenye urefu wake: mtu wa sentimita 170 anahitaji gongo la kama sentimita 130. Akisimama, pima upya.

Kosa linaloonekana kila siku ni kuegemea kwapa. Uzito ubebwe na viganja. Sehemu ya juu ibanwe ubavuni tu. Sponji ya magongo haya ni laini na inamwalika mtu ajining'inize, na familia kwa huruma inaongeza kanga iliyokunjwa mara nne juu yake. Hapo gongo limerefuka na kwapa limezibwa. Mshipa wa fahamu unaopita kwapani kwenda mkononi ukikandamizwa siku nyingi, huanza ganzi mgongoni mwa kiganja upande wa dole gumba, halafu kifundo cha mkono kinalegea na kiganja hakinyanyuki. Ondoa kanga, shusha gongo tundu moja, na ganzi isipoisha upesi rudi hospitali.

Sasa mpira wa chini, ambao ndio unaoamua kama utaanguka au la. Ugeuze utazame kitako: mzuri una mifereji ya duara iliyokatwa wazi na unabonyea kidogo kwa ukucha. Ule mgumu unaong'aa kama plastiki uache dukani, maana kwenye marumaru yenye maji unateleza kama sabuni. Uvue utazame na ndani. Ukikuta kipande cha chuma cha duara kimelala chini, vizuri. Kisipokuwepo, ukingo wa bomba utaukata mpira taratibu kutoka ndani na utatoboka wakati kwa nje bado unaonekana mzima. Mifereji ikishalainika, badilisha yote miwili kwa pamoja. Kipimo ni unene wa bomba. Milimita 19 na 22 ndizo za kawaida, kwa hiyo nenda na gongo lenyewe. Mpira mpya ukigoma kuingia, upake maji ya sabuni na uuache ukauke kabla ya kutembea. Mafuta usipake, yanauozesha. Na kipande cha kandambili kilichofungwa kwa waya hakitoshi, hata kama fundi ameapa.

Sehemu nyingine iliyo dhaifu ni bolti ya kishikio. Nati yake hukazwa kwa vidole na hulegea yenyewe kwa mtikisiko wa kutembea, hivyo ikague kila wiki. Kishikio kikizunguka ukiwa katikati ya ngazi, umeanguka. Vitufe navyo lazima vichomoze kikamilifu, kila kimoja kwenye tundu lake. Kikichungulia nusu, kitazama utakapokanyaga. Tundu likishapanuka na kuwa na umbo la yai, bomba hilo limekwisha, usilichomelee. Stika ya uzito isome pia: mengi yanaandikwa kilo 100 au 136, na mtu mzito zaidi atafute jozi iliyoimarishwa.

Namna ya kutembea ni magongo mbele, mguu mgonjwa, kisha mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza na mguu mgonjwa hushuka kwanza, magongo yakifuatana na mguu mgonjwa daima. Kiasi cha kukanyagia anasema daktari, si maumivu. Daladala iache wiki za mwanzo; ngazi yake ya kwanza iko juu mno, na kondakta hana subira.

Kwa wengine magongo haya hayafai kabisa. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi hawezi kushika mawili. Huyo apewe gongo la miguu minne, alishike kwa mkono mzima. Mzee anayeyumba apewe fremu ya kutembelea. Na atakayetembelea magongo kwa miezi mingi anunue yale ya kushikia kwenye mkono, yenye pete chini ya kiwiko. Yanachosha mwanzoni, ila kwapa linabaki salama na mkono unaweza kufungua mlango bila gongo kudondoka.

Yale ya kuazima kwa jirani hayana ubaya, mradi uyapime upya kuanzia kwapa na ununue mipira mipya siku hiyohiyo. Ukiwa na kliniki MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) au hospitali nyingine, nenda nayo idara ya fiziotherapia na uombe wakutazame ukitembea hatua 10 na kupanda ngazi 3.