Seti ya kupimia shingo ya gitaa: rula na kibati vizuri, spana hapana

Seti hii huuzwa mtandaoni bila ya jina la kiwanda, na Unguja hufika kwa boti kutoka Dar es Salaam. Mfukoni mna rula ndefu ya chuma yenye mapengo, kibati cha kukagulia freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ndogo), kadi ya kupimia kimo cha nyuzi na spana za aleni. Mwenye gitaa la umeme linalokoroma anavihitaji vipimo hivi, kwa sababu wengi wetu uzi ukianza kukwaruza tu tunakimbilia kupandisha daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye kiwiliwili. Kelele hupungua kweli, lakini nyuzi zinakuwa juu mno, vidole vinauma, na ugonjwa umebaki pale pale.

Anza na rula. Mapengo yake yanazipisha freti ili ukingo ulale juu ya mbao yenyewe. Upande mmoja umekatwa kwa magitaa ya aina ya Fender, yenye urefu wa uzi wa milimita 648, na wa pili kwa aina ya Gibson, karibu milimita 628. Ukikosea upande, rula inapanda juu ya freti na kipimo chote ni bure. Tyuni gitaa kwanza, lishike kama linavyopigwa, kisha pitisha rula baina ya nyuzi na utazame mwanga wa dirishani. Ukipenya katikati, shingo imeinama mbele. Ukipenya kwenye ncha, na rula inabembea, shingo imerudi nyuma. Hapo ndipo freti za mwanzo, ya kwanza mpaka ya tano, zinapokoroma.

Kiasi chenyewe hupimwa kwa fila geji. Funga kapo, kibano cha kubana nyuzi, kwenye freti ya kwanza, bonyeza uzi mnene wa E pale shingo inapokutana na kiwiliwili, pima nafasi baina ya uzi na freti ya 8. Milimita 0.25 inayafaa magitaa mengi. Ikizidi, kaza nondo ya shingo, chuma kinachopita ndani yake, kwa mwendo wa saa, ikipungua, legeza. Robo duara tu, tyuni tena, pima tena. Fila geji hii haina cha zaidi: ile ya mafundi pikipiki ya kupimia tapeti inafanya kazi ile ile.

Kilichotupendeza khasa ni kibati. Kila ubavu una urefu wake, maana freti zinakaribiana kadiri unavyopanda. Kilaze juu ya freti tatu, kibonyeze huku na huku. Kikitulia, endelea mbele. Kikibembea na kutoa tik-tik, freti ya katikati imenyanyuka. Wengi hukosea hapa: uzi ukikoroma ukibonyezwa freti ya 6, wanailaumu ya 6, kumbe mara nyingi mkosa ni ya 7, inayogusa uzi mbele ya kidole. Kabla hujaishikia tupa, ibonyeze kwa kijiti cha mbao na urudie kibati. Tik-tik ikinyamaza, freti imeng'oka kwenye mfereji wake na inataka kurudishwa na gluu. Ukiisaga freti iliyong'oka, siku itakaporudi chini itakuwa fupi kuliko jirani zake, na ugonjwa utahamia huko.

Spana za seti hii msizitumie. Chuma chake ni laini na zote ni za milimita. Nondo za magitaa mengi ya Fender ya Marekani zinataka inchi 1/8, yaani milimita 3.18, ukiingiza ya milimita 3 itacheza na kuumega mdomo wa nondo, na hasara yake inaweza kufika kununua shingo nzima. Nunueni spana nzuri peke yake, nje ya seti.

Seti haitatui kila kitu. Uzi ukikoroma wazi tu, na ukibonyezwa unatulia, tazama kikalio cha kichwani, kile kipande chenye mifereji ambamo nyuzi hupita kuelekea kichwani. Bonyeza freti ya 3: juu ya ya kwanza uonekane mwanga mwembamba kama unene wa karatasi. Usipoonekana, mfereji umelika, na humu hamna cha kuutibu. Kelele ikiwa kuanzia freti ya 12 kwenda juu na shingo imepimwa sawa, tumia kadi: milimita 1.6 kwenye freti ya 17 ni kimo kizuri kwa aina ya Fender. Ikiwa kimo ni sahihi na bado inakwaruza, huenda mbao imenyanyuka kwenye maungio ya shingo na kiwiliwili. Nondo haifiki huko, basi usiihangaishe.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno. Gitaa linalolala kwenye kiyoyozi cha hoteli Nungwi kisha likapigwa usiku ufukweni halitabaki na kipimo kimoja, na cha masika si cha kaskazi. Pimieni pale linapopigiwa, likishapumzika saa kadhaa.

Ukiinunua kwa mkono, laza rula na kibati juu ya kioo cha kaunta kabla ya kulipa. Mwanga ukipita chini yake, irudishe. Na chumvi ya hewa hii inakula chuma upesi: paka mafuta ya cherehani, funga kwa kitambaa, na uyafute kabla hujagusa mbao ya shingo.