Boti ya Mokowe na Nyumba ya Wageni Lamu: Safari Yetu na Kiti cha Magurudumu

Mwezi uliopita nilivuka kutoka Mokowe, upande wa bara, hadi kisiwa cha Lamu pamoja na kaka yangu, ambaye hutumia kiti cha magurudumu, tukalala siku mbili katika nyumba ya wageni iliyomo ndani ya mji wa kale. Wenye boti na wenye nyumba sitawataja.

Boti ilikuwa safi, na kila abiria alipewa jaketi la kuokolea maisha kabla ya kamba kufunguliwa. Taabu ilikuwa gatini. Tulifika siku ya bamvua, wakati bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yamekupwa kabisa, chombo kikielea chini sana na vidato vya mwisho vikiteleza kwa mwani. Mabaharia wawili wakamnyanyua kaka yangu, mmoja kwapani na mwingine magotini, bila kumwuliza neno, kiti kikafuata nyuma kama gunia la makaa. Nia yao ilikuwa njema, ila kwa mtu mzima kubebwa mbele ya halaiki pasipo idhini yake ni fedheha. Tuliporudi maji yalikuwa yamejaa, ukingo wa boti ukikaribia kulingana na gati, na kijana aliyetupokea aliuliza kwanza, "Ndugu yangu, nikushike wapi?" Kaka akamweleza, akaketi, tukaondoka. Laiti aliyepokea simu yetu angetutajia saa ya maji kujaa, ambayo kila mvuvi wa Lamu anaijua bila kutazama popote, tungeipanga safari ya kwenda kwa saa hiyo.

Katika nyumba ya wageni tuliahidiwa chumba cha chini, na ahadi ikatimizwa. Hata hivyo, ili kuingia ilibidi kupanda vidato viwili vya daka, yaani baraza ya mlangoni, na mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti, hivyo kila mara nilikuwa nikimsaidia kaka yangu kwa jambo ambalo nyumbani kwake hulifanya peke yake. Msimamizi alinijibu kwamba mji huu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2001 na kuta zake hazibomolewi ovyo. Kuhusu choo namwelewa. Kuhusu daka simwelewi, kwa sababu ubao wa mteremko unaowekwa na kuondolewa haugusi hata jiwe moja la matumbawe, na kisiwa chenye mafundi wa kijiji cha Matondoni wanaounda majahazi hakiwezi kukosa wa kuuranda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa kiwango kinachofaa, na pia haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Nalisema hili la pili kwa kuwa nilimsikia mhudumu akimwita "yule kiwete wa chini", neno ambalo hata kiambishi chake cha mwanzo, ki-, ni kile cha vitu.

Chakula hakina lawama. Wageni wengine walikula darini, nasi mahamri na mbaazi tuliletewa chini kabla hatujaomba.

Boti naipa alama mbili kati ya tano, nyumba tatu. Kabla ya kuondoka, kaka yangu alipima vile vidato viwili kwa utepe wa fundi, akamwachia msimamizi vipimo vya ubao, naye akaahidi kuuagiza. Tukirudi tukaukuta dakani, nitaongeza alama ya nne.