Baada ya ekzosi mpya: ununue nini ili pikipiki isishtuke kwenye resi ndogo

Nilifunga ekzosi kamili kwenye pikipiki yangu ya spoti, cc 600, silinda nne. Muuzaji akanipa na kisanduku cha kurekebisha mafuta, akasema kimeshawekewa ramani, yaani jedwali la kiasi cha mafuta, ya ekzosi ile ile niliyonunua. Akanionyesha karatasi ya dainamomita, mashine ya kupima nguvu ya injini: mstari wa chini kabla ya kubadilisha, mstari wa juu baada ya kubadilisha, na nafasi kati yake pana. Nikalipa.

Siku ya kwanza, barabara ikiwa wazi, ilivuta vizuri mpaka mwisho. Siku ya pili niliingia kwenye foleni na hapo ndipo nilipoijua. Nikifungua resi kidogo, kimya. Nikiongeza kidogo tena, inaruka. Kwenye kona moja ya taratibu, gia ya pili, mizunguko kama 3,500 kwa dakika, mafuta yalikata nikiwa nimeinama nayo, kisha yakarudi kwa mshtuko na tairi la nyuma likateleza. Sikuanguka, lakini nilisimama pembeni na mikono ikawa inanitetemeka.

Nilibadilisha plagi. Nilibadilisha kichujio cha hewa. Nikamlipa fundi asafishe nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini. Baada ya hayo yote fundi mwingine, mama mtu mzima aliyeanza kazi enzi za kabureta, aliichukua ile karatasi ya dainamomita, akaitazama na kuniuliza swali moja: "Mwanangu, hii ilipimwa resi ikiwa wapi?" Ilipimwa ikiwa wazi kabisa, asilimia 100. Tulipoifungua ramani kwenye kompyuta tukakuta safu za resi ya asilimia 2 na 5 zimejaa sifuri tupu. Hakuna aliyezigusa.

Kwa hiyo orodha hii naipanga kwa kipimo kimoja tu: je, kitu hiki kinamwezesha fundi kurekebisha mafuta pale resi inapofunguka kati ya asilimia 0 na 10? Nguvu za farasi zilizoongezeka juu huko utazisoma kwenye kila tangazo, na mlio unausikia mwenyewe.

Kwa nini nang'ang'ania hapo? Kwa sababu ndipo unapoishi. Injini ya spoti ina nguvu nyingi kuliko mahitaji ya barabara, hivyo ukienda mwendo wa kawaida mkono wako umefungua asilimia chache tu. Resi ikiwa karibu kufungwa, vali za kuingiza na kutoa huwa zinakutana wazi kwa muda mfupi, na moshi uliobaki kwenye bomba unaweza kurudi ndani ya silinda. Ukibadilisha mabomba, kiasi kinachorudi kinabadilika, na hesabu ya mafuta iliyopigwa kiwandani haikubaliani tena na hewa iliyomo. Ongeza na hili: viwanda hutuni sehemu hiyo kwa mafuta machache ili kukidhi sheria za moshi, kwa hiyo hata kabla ya ekzosi mpya ilikuwa inaishi ukingoni.

Pikipiki nyingi za nozeli hutumia ramani mbili. Resi ikiwa ndogo, kompyuta ya injini husoma zaidi shinikizo la hewa kwenye njia ya kuingilia. Resi ikiwa kubwa, husoma pembe ya resi. Kitu utakachonunua kikigusa ramani moja tu, basi umenunua nusu.

Kabla ya kutoa hela yoyote, jiulize ulibadilisha nini. Kama ni kopo la mwisho tu, na kichujio cha moshi cha kiwandani bado kipo kwenye mabomba ya mbele, mara nyingi huhitaji kununua kitu. Sensa ya oksijeni, ile iliyo kwenye bomba la moshi, itajirekebishia mwendo wa kawaida yenyewe. Kama ni mfumo mzima kuanzia kwenye kichwa cha injini, endelea kusoma.

Nafasi ya kwanza: kuflashi kompyuta ya injini, kwa Woolich Racing

Sifichi, hawa Waaustralia ndio ninaowapenda. Kuflashi ni kuandika upya hesabu zilizomo ndani ya kompyuta ya pikipiki yenyewe, bila kuongeza kisanduku cha pembeni. Programu yao inakufungulia ramani zote mbili, ya shinikizo la hewa na ya pembe ya resi, kila moja kwenye jedwali lake. Nilipoliona jedwali la shinikizo kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini kile kisanduku changu kisingenisaidia hata kingetuniwa na malaika: chenyewe kilijua pembe ya resi na mizunguko, basi.

Kuna na mengine unayoyapata humo humo. Unaweza kurekebisha ukataji wa mafuta unapoachia resi, ambao ni chanzo kikubwa cha ule mshtuko wa kurudi. Unaweza kuzima ujumbe wa kosa unaotokea ukishaondoa vali ya ekzosi, ile ambayo Yamaha huiita EXUP. Unaweza kushusha joto ambalo feni huanzia kuzunguka. Na Log Box yao inarekodi safari yako halisi, pamoja na sensa pana ya oksijeni (inayosoma uwiano halisi wa hewa na mafuta), kisha unarekebisha ramani kwa data ya barabara unayopita kila siku.

Kasoro zake nazisema pia. Nguvu yake iko kwa Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Honda, na hata huko si kila toleo. Baadhi ya kompyuta lazima zitolewe kwenye pikipiki na kuflashiwa mezani. Ukiipeleka pikipiki kwa wakala na akaweka programu mpya ya kiwanda, kazi yako yote inafutika. Hifadhi faili la awali na faili lako, mahali pawili tofauti.

FTECU ya Marekani inafanya kazi ya namna hiyo hiyo na mafundi wengi wazuri wanaitumia. Kama fundi wako anaijua hiyo kuliko Woolich, nunua anayoijua yeye. Ninachokikataa ni kutoa kompyuta yako, kuituma kwa posta, na kurudishiwa ikiwa na ramani "ya kawaida" ambayo haijawahi kukutana na injini yako. Hiyo ni ile karatasi yangu ya dainamomita kwa umbo jingine.

Nafasi ya pili: Rapid Bike Evo

Kisanduku cha Dimsport ya Italia. Ni cha pembeni, kinakaa kati ya kompyuta na nozeli, na kwa kawaida ningekishusha chini. Nakipandisha kwa sababu kinatumia sensa ya oksijeni iliyopo kwenye pikipiki na kujifunza kadiri unavyoendesha, kwa hiyo zile safu ndogo za resi hazibaki sifuri hata kama fundi amezisahau. Kwa mtu aliye mbali na dainamomita, huu ndio ushauri wangu.

Sharti ni moja: sensa ibaki, na isome ukweli. Hapa watu wengi wanaumia. Kati ya pigo moja la moshi na jingine kunatokea mvuto ndani ya bomba, na kiungo kinachovuja kidogo tu mbele ya sensa hunyonya hewa ya nje. Sensa inaiona ile oksijeni, inaripoti kwamba mafuta ni machache, na mafuta yanaongezwa yasikohitajika. Pikipiki inanuka petroli na kumisi, na mwenye pikipiki anakilaumu kisanduku. Weka gasketi mpya kwenye kichwa cha injini kila unapofungua mabomba. Ya zamani imeshabonyea, haizibi tena.

Kingine: pima uzi wa sensa kabla ya kuagiza ekzosi. Pikipiki nyingi za zamani zina uzi wa M18 kwa 1.5, nyingi mpya za spoti zina M12 kwa 1.25. Ekzosi ikija na tundu lisilolingana, au bila tundu kabisa, wauzaji watakwambia uiondoe sensa tu. Ukiiondoa, Evo imepoteza macho.

Nafasi ya tatu: Power Commander ya Dynojet

Jina ambalo kila mtu analijua. Ni imara, kinafungwa na kutolewa bila kukata waya, na ukiuza pikipiki unaondoka nacho. Jedwali lake linakwenda kwa resi na mizunguko: asilimia 0, 2, 5, 10, 20, na kuendelea mpaka 100. Kwa hiyo safu ninazozihitaji zipo. Shida ni kwamba mtu lazima akae azijaze, na ramani nyingi za kupakua zimejazwa vizuri kuanzia 20 kwenda juu. Ukiongeza Autotune yenye sensa pana unapata marekebisho yenyewe, na hapo kinamkaribia Evo. Bila Autotune na bila saa kadhaa za dainamomita, kwangu kinashuka mpaka mwisho wa orodha.

Kwa wenye kabureta

Mnachohitaji ni seti ya jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, na subira. Dynojet na Factory Pro wote wanatengeneza. Kumbuka tu kwamba jeti kubwa, ambayo ndiyo kila mtu hukimbilia kubadilisha, hufanya kazi resi ikishapita robo tatu. Mwanzo mpaka robo ni jeti ndogo na skrubu yake, na katikati ni sindano. Anza chini, panda juu.

Vitu vya bei ndogo

Kuna vijiwaya vya kuidanganya sensa ili kompyuta iongeze mafuta. Vinaongeza gizani. Usinunue.

Sasa niseme la moyoni kuhusu wauzaji. Tunauziwa karatasi. Dainamomita ni chombo cha kweli, lakini kipimo cha resi wazi huchukua sekunde chache na kutoa picha nzuri ya kumwonyesha mteja, wakati kutuni resi ya asilimia 5 katika kila ngazi ya mizunguko kunataka kuishikilia pikipiki pale pale, kusoma sensa pana, kurekebisha, na kurudia. Ni kazi ya saa nyingi isiyotoa mstari wowote wa kujisifia. Basi wanairuka, na bei wanakutoza ile ile ya kazi kamili. Nimewauliza wauzaji kadhaa waniambie mchanganyiko wao wa hewa kwa mafuta kwenye resi ndogo ni uwiano gani. Anayejua atakujibu bila kufikiri: kama 13 kwa 1 kwenye resi wazi, na karibu na 14 kwenye mwendo wa kawaida kama sensa imezimwa. Wengi walianza kunieleza habari za farasi. Na hakuna aliyenitajia kwamba katika nchi nyingi pikipiki iliyoondolewa kichujio cha moshi na kubadilishiwa ramani hairuhusiwi barabarani, ila uwanja wa mashindano tu. Hilo utaligundua siku ya ukaguzi.

Kabla ya kumpelekea fundi, kagua mambo matatu yanayofanana na tatizo la mafuta lakini siyo: mnyororo uliolegea, waya wa resi wenye ulegevu kupita milimita 3 hadi 5, na koo za hewa za silinda zisizolingana. Nimewaona watu wakilipia kuflashi kumbe ni mnyororo.

Siku ya kuichukua, usikubali ijaribiwe kwenye mashine peke yake. Ipashe moto mpaka feni iwake, kisha toka nayo mwenyewe. Gia ya pili, mizunguko 3,500, barabara tambarare. Funga resi kabisa, hesabu mpaka tatu, kisha ifungue taratibu kiasi cha kuhisi waya umekazika tu. Rudia kwa gia ya tatu, na kwa mizunguko 4,500. Injini inapaswa kuchukua mzigo bila wewe kuhisi wakati gani imeanza. Ikishtuka hata mara moja, rudi, mpe fundi ufunguo, mwonyeshe ni mizunguko mingapi na gia ipi, na malipo ya mwisho yasubiri mpaka isishtuke.