Taa za sola za dagaa za kulipa kidogo kidogo: zina ukijani gani?

Kuanzia soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hadi Ukerewe, Ziwa Victoria, mpango wa kukopesha taa za sola za kuvulia dagaa ni uleule: kianzio, kisha marejesho ya kila siku kwa M-Pesa au Airtel Money, na ukichelewa taa inajifunga. Tangazo limepambwa majani mabichi na hesabu ya kaboni iliyookolewa. Taa yenyewe ni nzuri: inamulika vizuri, na haimwagi mafuta ziwani. Ubovu uko kwenye mkopo.

Dagaa huvuliwa gizani, wakivutwa na mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi hupumzika, pesa hakuna, lakini kalenda ya marejesho haijui habari za mwezi. Taa inafungwa. Kwa hiyo kabla ya kutoa kianzio uliza: ikifungwa, betri inaendelea kuchajiwa? Kama kufungwa kunakata na chaji, betri ya risasi na asidi iliyoachwa bila chaji siku kumi huanza kuharibika. Chumvi ya risasi hugandia kwenye bamba zake, na chaji yake hairudi yote. Giza likirudi, taa iliyokuwa ikifika alfajiri inafifia saa saba usiku. Kuwa na mita: betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa chache isome 12.6 au zaidi. Chini ya 12, ichaji siku hiyohiyo. Lithiamu huvumilia zaidi; soma kibandiko kwenye betri, usitegemee maneno ya wakala.

Tuje kwenye kaboni. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa kama kilo 2.5 za kaboni dayoksaidi, hivyo tani moja ni lita 400. Taa ya chemli ya nyumbani inayotumia nusu lita kwa wiki itachukua miaka 15 kuzimaliza. Karabai (taa za mafuta za kupampu) nne za mtumbwi, kila moja lita moja kwa usiku, siku 18 kwa mwezi, hazifikishi miezi sita. Kwa hiyo dai lilelile la kaboni iliyookolewa ni kweli kwa mtumbwi ulioacha karabai, na ni uongo kwa uliokuwa tayari na taa za betri, maana hakuna mafuta uliyoyaacha. Kinachoudhi zaidi ni kuhesabu taa zilizouzwa badala ya zinazowaka: iliyokufa mwezi wa 14 tangu iuzwe inaendelea kuhesabiwa. Muulize wakala nani hurudi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kukagua. Tafuta pia kipengele cha haki ya kaboni kwenye mkataba. Ukikisaini, mauzo ya hiyo kaboni si yako tena.

Tajiri (mwenye mtumbwi) anayetumia karabai, akikubaliwa kusimamisha marejesho wakati wa mbalamwezi, achukue. Wengine wapige hesabu kwanza: mfano, shilingi 2,000 kwa siku 540 ni 1,080,000. Peleka jumla hiyo kwa fundi sola wa mjini, umuulize betri, paneli na taa kama hizo ni bei gani taslimu. Na yeyote anayesaini adai iandikwe kwamba betri ikifa kampuni inaichukua. Ikipasuliwa ufukweni na asidi kumwagwa, risasi inaingia kwenye mchanga tunaoanikia dagaa.