Kompyuta ya Kuunganishiwa kwa Bajeti Ndogo: Uzoefu Wangu Baada ya Miezi Saba

Kompyuta yangu ya zamani iliuliwa na pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine. Ulisikika mlio mmoja, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani, na diski yenye picha za miaka minne ikaenda nayo. Kwa hiyo nilipoagiza nyingine, safari hii ya kuunganishwa kwa vipuri nilivyochagua mwenyewe, orodha ya bei niliisoma kuanzia chini, maana pawa saplai ndiyo huandikwa mwisho.

Iliandikwa "wati 500", basi. Hakuna jina la mtengenezaji wala modeli. Nikaomba kuiona. Fundi akaniwekea mkononi, nyepesi kama boksi tupu. Nilikataa palepale, nikachukua ya wati 550 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus Bronze na waranti ya miaka mitano. Alama hiyo hupima ufanisi tu, yaani ni umeme kiasi gani unaopotea kama joto. Haisemi lolote kuhusu usalama, ndiyo maana waranti niliitazama kwa makini zaidi. Pesa ya kuongezea ilitoka kwenye kasha: niliachana na lile la vioo na taa za rangi, nikachukua la bati la kawaida lenye matundu ya hewa mbele. Sijajuta hata siku moja.

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka 2021: kori 6 (vitengo vya kufanyia kazi), nyuzi 12 (kazi inazoweza kushika kwa pamoja), na sehemu ya michoro, inayotengeneza picha za skrini, imo ndani yake. Kwa mwenye bajeti ya kubana hiyo ni nafuu kubwa, maana unaanza kazi bila kadi ya michoro huku ukiendelea kudunduliza. Hapa fundi nampa haki yake. Nilikuwa nimekazania SSD ya NVMe, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, ya kizazi cha 4, akanizuia. "Prosesa hii inaishia PCIe 3.0, kaka. Hiyo kasi ya ziada utailipia na hutaiona." PCIe ndiyo njia ambayo SSD hiyo hupitishia data, na 3.0 ni kizazi cha 3. Nikaangalia maelezo ya mtengenezaji, nikakuta ni kweli. Nilimshukuru kwa dhati, kwani angeweza kuniuzia tu akanyamaza.

Kilichoniudhi ni RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini. Orodha ilisema "GB 16" na mimi sikuuliza zaidi. Kufika nyumbani, video nyepesi inakwama nikiihariri, na mchezo wa mpira wa mwanangu unarukaruka. Nikafungua skrubu mbili za ubavuni, nikavuta bati. Nafasi nne za RAM, kijiti kimoja.

Nilirudi dukani. "GB 16 ni GB 16," nikaambiwa. Sivyo, hasa kwa prosesa ya aina hii. Sehemu yake ya michoro haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima RAM ya mashine nzima. Kijiti kimoja kinapitisha data kwa njia moja. Viwili vya GB 8 vinafungua njia mbili, na upana wa barabara unakuwa maradufu. Tulibishana siku mbili ndipo wakabadilisha, na nauli zote zilikuwa juu yangu. Vijiti nilivipachika mwenyewe, nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kama kijitabu cha mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipuri, kilivyoelekeza. Unabonyeza kwa vidole gumba hadi kishikizo kilie "tak", kisipolia, bado.

Hata hivyo haikuwa mwisho. Kasi ya RAM iliyokuwa ikionekana ni 2133, ilhali vijiti vimeandikwa 3200. Hawakuwa wamewasha XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kufikia kasi iliyoandikwa, kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya msingi ya mashine. Niliwasha mashine upya, nikabonyeza Delete kuingia BIOS, nikaiwasha XMP, ikawa chini ya dakika moja. Kazi ndogo namna hiyo ilipaswa kufanywa kabla mashine haijatoka mikononi mwao.

Kwa fundi yuleyule ningeagiza tena, ila kila kipuri kiandikwe kwa modeli na idadi kabla sijatoa hela. Sasa video ya 1080p inakwenda bila kukwama na mwanangu hanung'uniki tena. Feni iliyokuja na prosesa ndiyo inayopiga kelele mashine ikielemewa. Hiyo nitaibadilisha kwanza, kadi ya michoro itafuata.